Baridi ya Kilimanjaro: Imani na Maarifa katika Ukristo

Mjadala kuhusu uhusiano wa imani na maarifa katika Ukristo ni mkongwe, lakini katika vyuo vikuu vya Kenya haujapata kuzeeka. Kila mwaka wanafunzi wapya huwasili wakiwa na Biblia katika sanduku na barua ya kujiunga na kitivo katika bahasha, na muhula wa kwanza hauishi kabla hawajaambiwa kwamba vitu hivyo viwili haviwezi kukaa chumba kimoja. Wapo wanaoshikilia kwamba msomi wa kweli hana budi kuiacha imani nje ya ukumbi wa mihadhara. Wapo pia wanaoshikilia kwamba mwamini wa kweli hana budi kuiacha akili nje ya kanisa. Ajabu ni kwamba makundi haya, licha ya kelele za kupingana kwao, yanakubaliana katika jambo la msingi kabisa: kwamba kuamini ni kukubali jambo bila sababu. Dhana hiyo ndiyo inayostahili kuchunguzwa, kwa kuwa ni potovu, na kwa kuwa upotovu wake umekwisha kugharimu uhai wa watu wengi katika nchi hii.

Ni vyema kuanza na lugha yenyewe, maadamu jarida hili ni la Kiswahili. Neno imani lina ndugu wengi: amini, mwamini, muumini, mwaminifu, uaminifu, amana, amani. Yote yametokana na mzizi mmoja wa Kiarabu, na yote yamebeba wazo la usalama na la kutegemewa. Amana ni mali anayokabidhiwa mtu kwa sababu anatarajiwa kuirudisha. Mwaminifu ni yule aliyejaribiwa akaonekana hana hila. Na mpwani anaposema kwamba fulani hana imani, aghalabu hamaanishi kwamba mtu huyo haendi kanisani au msikitini, bali kwamba hana huruma. Katika ukoo huu wote wa maneno hakuna hata moja linalomaanisha kufumba macho.

Sarufi nayo ina lake la kusema. Katika Kiswahili kitenzi amini huchukua yambwa moja kwa moja: mtu humwamini Mungu kama anavyomwamini daktari, mkunga au nahodha. Usemi "kuamini katika Mungu", ambao umeenea katika mahubiri na hata katika insha za wanafunzi wa Kiswahili, ni nakala ya Kiingereza, na huenda madhara yake si ya kisarufi tu. Huifanya imani ionekane kuwa kitendo cha aina ya pekee, kisichohusiana na namna watu wanavyoaminiana sokoni, hospitalini na nyumbani. Kumwamini mtu, kinyume chake, huyaacha maswali ya kawaida mahali pake. Nani huyo anayeaminiwa? Amesema nini? Na kwa nini neno lake likubaliwe?

Swali hilo la tatu liliwahi kuulizwa kwa ukali mkubwa kuhusu mlima ambao kila mtoto wa Afrika Mashariki anaujua leo. Kisa chenyewe kinafahamika kijuujuu katika vitabu vya historia, lakini ni nadra kusimuliwa kama kisa kinachohusu imani, ilhali ndivyo kilivyo.

Tarehe 11 Mei 1848, Johannes Rebmann, mmisionari Mjerumani aliyetumwa na chama cha Church Missionary Society cha Uingereza, alikuwa safarini kutoka Rabai, nyuma ya Mombasa, kwenda Uchagani kupitia nchi ya Wataita. Aliongozwa na Bwana Kheri, mtu wa misafara aliyeifahamu njia hiyo. Asubuhi hiyo Rebmann aliona mlima ambao kilele chake kilikuwa kana kwamba kimefunikwa na wingu jeupe la kung'aa. Alipomwuliza kiongozi wake weupe ule ulikuwa nini, alijibiwa kwa neno moja la Kiswahili: baridi. Rebmann, ambaye alizaliwa Gerlingen kusini mwa Ujerumani na kuizoea theluji tangu utotoni, alitambua papo hapo kwamba hicho alichokitazama kilikuwa theluji.

Yafaa kusita kidogo mbele ya jibu la Bwana Kheri. Ni rahisi kulichukua kuwa dalili ya kutojua, neno la mtu aliyebahatisha. Kwa hakika lilikuwa jibu la mtu mwenye maarifa halisi ambaye hakuwa na istilahi ya kuyawekea. Kule juu kuna baridi. Hilo alilijua, na lilikuwa kweli. Wachaga walijua zaidi. Rebmann aliandika kwamba alisikia kwao kuwa kitu kile cheupe kikiteremshwa chini hugeuka maji, na kwamba mtawala mmoja wa zamani wa Machame aliwahi kuwatuma watu wapande wakakichunguze, wakaangamia kwa baridi karibu wote. Huo ulikuwa utafiti, tena wa gharama kubwa, uliofanywa kabla Mzungu yeyote hajaukaribia mlima huo. Kwa hiyo ripoti aliyoituma Rebmann Ulaya haikusimama juu ya macho yake peke yake. Ilisimama pia juu ya ushuhuda wa watu aliowaamini.

Habari hizo zilichapishwa London mwaka 1849, na mwishoni mwa mwaka huohuo mwenzake Rebmann, Johann Ludwig Krapf, aliyekuwa Ukambani kwa chifu Kivoi, aliona mlima mwingine wenye kilele cheupe, nao ni Mlima Kenya. Wasomi wa London hawakufurahishwa. Aliyepinga kwa sauti kubwa kuliko wote alikuwa William Desborough Cooley, mwanajiografia mashuhuri aliyeandika mengi kuhusu bara la Afrika bila kulikanyaga. Kwa Cooley theluji karibu na ikweta ya Afrika ilikuwa ndoto ya wamisionari. Alidai kwamba Rebmann aliona kwa mawazo yake kuliko kwa macho yake. Mwaka 1852 alitoa kitabu kizima kuhusu jiografia ya ndani ya Afrika, na humo aliendelea kuwakejeli mashahidi wale wawili.

Katika kumbi za vyuo vikuu jina la Galileo hutajwa kila mara imani inapozungumziwa, na ni haki litajwe. Hukumu aliyotolewa mwaka 1633 ilikuwa ya dhuluma na ni doa katika historia ya Kanisa. Lakini katika kisa cha theluji majukumu yamebadilishana. Watu wa dini ndio walioona. Msomi wa maktaba ndiye aliyekataa. Wala hakukataa kwa kukosa vielelezo. Tangu karne ya 18 wataalamu wa Ulaya walikuwa wameandika juu ya theluji ya milima ya Andes, Amerika ya Kusini, ambayo baadhi yake i karibu kabisa na ikweta. Cooley alikuwa na sababu za kutosha za kusema kwamba jambo hilo lawezekana. Alikataa kwa sababu lilivuruga ramani aliyokwisha kuichora.

Tena ramani hiyo yenyewe ilitoka wapi? Ilitokana na maandishi ya Wareno na Waarabu, na pia maelezo ya watu aliowahoji Uingereza, akiwemo Mswahili mmoja aliyeitwa Khamis bin Uthman. Yaani Cooley naye aliijua Afrika kwa kuamini. Kila mstari wa ramani yake ulikuwa neno la mtu mwingine alilolipokea bila kuliona. Kasoro yake haikuwa kwamba aliamini, kwa kuwa hakuwa na njia nyingine. Ilikuwa kwamba alisahau kuwa anaamini. Alichokipokea kwa imani alikigeuza kuwa ujuzi usioulizika, na tangu siku hiyo hakuna shahidi aliyeweza kumfikia. Mwaka 1862 Karl Klaus von der Decken na Otto Kersten walipanda Kilimanjaro hadi zaidi ya mita 4,000 na theluji ikawaangukia. Cooley hakubadili msimamo.

Ingekuwa rahisi kukomea hapo na kuwapa wamisionari ushindi, lakini historia haiwapi ushindi mwepesi hivyo. Katikati ya miaka ya 1850, Rebmann na mwenzao James Erhardt walitoa ramani nyingine, iliyotokana na maelezo ya wafanyabiashara wa misafara waliokutana nao pwani. Wafanyabiashara walikuwa wametaja maji makubwa upande wa bara, kila mmoja kwa njia yake aliyoipita. Wamisionari waliyaunganisha yote, wakachora ziwa moja kubwa mno lenye umbo kama la konokono asiye na gamba. Leo inajulikana kwamba yalikuwa maziwa matatu: Nyasa, Tanganyika na Viktoria. Mashahidi walewale wa pwani ambao kwa theluji waliwaongoza vyema, kwa ziwa waliwapotosha. Au kwa haki zaidi, wamisionari waliwaelewa visivyo. Hata hivyo ramani ile yenye makosa ilitolewa hadharani, ikajadiliwa na ikachangia kuanzishwa kwa safari ya Burton na Speke ya mwaka 1857, ambayo ndiyo iliyoanza kuisahihisha. Ushuhuda uliokosea haukuleta maafa, kwa sababu waliouleta hawakumzuia mtu kwenda kuangalia.

Hapa ndipo kisa hiki kinapoigusa dini yenyewe. Ukristo, kuliko dini nyingine nyingi, ni dini ya ushuhuda. Hauanzi na kanuni ambazo kila mtu anaweza kuzigundua akiwa ameketi peke yake chini ya mti. Huanza na habari ya mambo yanayodaiwa kutukia mahali fulani, chini ya liwali Mrumi anayejulikana kwa jina. Mwandishi wa Injili ya Luka anaianza kazi yake kwa kueleza kwamba amezifuatilia habari zake hadi kwa walioshuhudia. Watu wa Beroya, katika Matendo ya Mitume, wanasifiwa kwa sababu hawakuyameza mahubiri ya Paulo bali waliyachunguza kila siku. Paulo mwenyewe anawaagiza Wathesalonike wayapime mambo yote. Na Tomaso, ambaye wahubiri wamemfanya kuwa mfano wa mtu mbaya kwa karne nyingi, alidai kuona na kugusa, akaonyeshwa. Hakufukuzwa.

Ni kweli kwamba katika kisa hicho cha Tomaso heri inatolewa kwa wale wanaoamini bila kuona, na ni kweli kwamba maneno hayo hutumiwa kumnyamazisha kila muulizaji. Lakini msomaji anayeendelea na aya mbili zinazofuata atakuta mwandishi akieleza kwa nini ameandika: ili wasomaji wapate msingi wa kuamini. Kuamini bila kuona, basi, si kuamini bila msingi. Ni hali ya kila mtu anayepokea jambo kutoka kwa aliyeliona. Ni hali ya mwanafunzi wa fizikia ambaye hajawahi kuipima kasi ya mwanga, na ya mwanafunzi wa historia ambaye hakuwepo Berlin mwaka 1884.

Mwafrika mmoja alililiona hili zamani sana. Augustino, aliyekuwa askofu wa Hippo katika nchi inayoitwa leo Algeria na kufariki mwaka 430, aliandika kwamba mambo mengi anayoyashikilia mtu kwa uthabiti ameyapokea kwa kuambiwa: habari za miji ambayo hajafika, za matukio ya kabla hajazaliwa, na hata jambo la karibu kama nani ni wazazi wake. Hakufikia wazo hilo kwa wepesi. Kwa takriban miaka tisa alikuwa mfuasi wa Wamani, kundi lililojigamba kwamba halimlazimishi mtu kuamini, bali humpa ujuzi mtupu wa akili. Baadaye aligundua kwamba ujuzi huo ulijaa hadithi za jua, mwezi na nyota zisizopatana na hesabu za wanafalaki. Alipomngojea kwa hamu Fausto, mwalimu wao aliyesifiwa, amfafanulie, Fausto alikiri kwamba hajui. Augustino alimheshimu kwa kukiri huko, lakini kundi lenyewe alianza kuliacha. Walioahidi ujuzi bila imani walikuwa wamemdai imani kubwa kuliko wote.

Augustino huyohuyo, alipokuwa akifafanua kitabu cha Mwanzo, alikemea tabia ya Wakristo kusema upuuzi kuhusu ardhi na mbingu mbele ya watu wasio Wakristo wanaoyafahamu mambo hayo. Hoja yake ilikuwa nyepesi: ikiwa Mkristo anakosea katika jambo ambalo msikilizaji analijua vizuri, msikilizaji huyo atamwamini vipi katika jambo asiloweza kulipima? Onyo hilo lina zaidi ya miaka 1,600 na bado halijapata wasikilizaji wa kutosha. Wapo wahubiri wanaosimama leo na kutangaza kwamba elimu ni tunda lile alilokatazwa Adamu. Hawajasoma kwa makini. Mti uliokatazwa ulihusu mema na mabaya. Na kabla ya tunda hilo kuguswa, Adamu alikuwa amekwisha kupewa kazi ya kuwatazama wanyama na kuwapa majina, kazi ambayo hadi leo hufanywa na idara za zoolojia.

Msomaji makini atakuwa na pingamizi, na ni pingamizi zito. Theluji ya Kilimanjaro yaweza kupandiwa. Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walifika kileleni mwaka 1889, na tangu hapo ubishi umekufa. Je, nani atapanda hadi alfajiri ile ya Jumapili kaburini? Shahidi wa mlima hukaguliwa na yeyote mwenye miguu. Shahidi wa ufufuo hakaguliwi na mtu. Kwa hiyo, pingamizi linasema, kulinganisha imani ya Kikristo na ushuhuda wa Rebmann ni kuchanganya mambo mawili.

Pingamizi hili halijibiki kikamilifu, na mwamini anayejidai kulimaliza kwa sentensi moja anajidanganya. Ushahidi wa kihistoria huweza kumfikisha mtu kwenye kizingiti tu. Kuvuka kizingiti ni uamuzi wa aina nyingine, unaofanana zaidi na kumjua mtu kuliko kujua jambo. Mtu hamjui rafiki kwa kumpima kama mlima; humjua kwa kumwamini kidogo, akaona, akamwamini zaidi. Anayesubiri kupata ithibati zote ndipo aoe atazeeka kapera. Lakini hata katika njia hiyo macho hayafumbwi. Anayemwamini rafiki anayemwibia kila siku haitwi mwaminifu, huitwa mjinga.

Muhimu zaidi ni kwamba pingamizi hili humfunza mwamini unyofu wa kusema. Kuna tofauti kati ya "naamini" na "najua", na lugha imeziweka mbali makusudi. Anayesema "naamini" amekiri papo hapo kwamba hajaona, kwamba amelitegemea neno la mwingine, na kwamba anaweza kuulizwa sababu. Ni kauli ya unyenyekevu. Paulo mwenyewe aliwaandikia Wakorintho kwamba ujuzi wa mwanadamu sasa ni wa sehemu tu. Mhubiri anaposimama na kusema kwamba anajua siku ya mwisho wa dunia, anajua kwamba mgonjwa huyu amekwisha kupona, anajua kwamba dawa haihitajiki tena, hajawa na imani kubwa kuliko wengine. Ameiacha imani. Amevaa joho la mjuzi bila kufanya kazi ya mjuzi, na akiulizwa ithibati anakimbilia kusema kwamba kuuliza ni dhambi. Huu ndio ugonjwa wa Cooley ukiwa umevaa kanzu: neno la kupokelewa limegeuzwa ujuzi usiogusika.

Mwezi wa Aprili mwaka 2023 taifa la Kenya liliona mwisho wa njia hiyo. Katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, yalifukuliwa makaburi ya wafuasi wa kundi moja la kidini, na hesabu ya miili ikaendelea kupanda hadi ikapita 400. Wengi waliofanyiwa uchunguzi walikuwa wamekufa kwa njaa, na watoto walikuwa wengi miongoni mwao. Mwaka 2024 washukiwa walifunguliwa mashtaka, na si kazi ya makala kutangulia mahakama kuhusu hatia ya mtu yeyote. Lakini yaliyoelezwa hadharani kuhusu mafundisho ya kundi hilo yanatosha kwa hoja hii. Wafuasi walifundishwa kuzikwepa shule na hospitali, na inadaiwa waliambiwa kwamba kufunga hadi kufa kungewakutanisha na Yesu kabla ya mwisho wa dunia.

Baada ya maafa hayo ilisemwa na wengi kwamba watu wale waliponzwa na imani kupita kiasi. Kauli hiyo imerudiwa mno hata imezoeleka, lakini ina kasoro. Waliponzwa na ujuzi wa uongo. Waliambiwa mambo kwa uhakika ambao hakuna mtume aliyewahi kuudai, kisha njia zote za kuyapima zikafungwa moja baada ya nyingine: mwalimu aliyeweza kuwafunza watoto kusoma na kulinganisha, daktari aliyeweza kusema kwamba mtoto huyu anakufa kwa kukosa chakula, jamaa aliyeweza kuja na kuuliza. Msitu wenyewe ulikuwa sehemu ya mafundisho, kwa kuwa mahali pasipofikika hapana shahidi. Rebmann alipoandika kwamba ameona theluji, alitaja njia, tarehe na jina la kiongozi wake, na yeyote aliyetaka angeweza kuifuata njia hiyo. Katika Shakahola hakukuwa na njia ya kufuatwa, na waliojaribu kuuliza habari za jamaa zao walichelewa.

Hatari hii haiishi msituni tu. Kuna wagonjwa wanaoacha kumeza dawa za kupunguza makali ya UKIMWI baada ya kuambiwa madhabahuni kwamba wamepona, na hawarudi kliniki kupima kwa sababu kupima kungeonyesha shaka. Inapasa kutafakari jambo hili. Katika Injili, wenye ukoma waliotakaswa waliagizwa waende kwa kuhani, ambaye katika sheria ya Kiyahudi ndiye aliyekuwa na mamlaka ya kukagua ngozi na kuthibitisha kwamba mtu amepona. Muujiza wenyewe ulipelekwa ukaguzini. Mhubiri anayekataza kipimo anakataza jambo ambalo bwana wake aliliagiza.

Wala si kwamba Ukristo wa Afrika Mashariki ulizaliwa ukiwa na uadui na usomi. Kinyume chake ndicho kweli. Krapf alipofika Mombasa mwaka 1844 alianza mara moja kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, akisaidiwa na kadhi wa Kiislamu. Na tukio hilo la mwanachuoni wa dini moja kumsaidia mgeni wa dini nyingine kupata maneno sahihi lingestahili makala yake lenyewe. Huko Buganda, baada ya wamisionari kufika kuanzia mwaka 1877, waliojiunga nao waliitwa abasomi, yaani wasomaji, na miongoni mwa maandiko ya kwanza waliyoyasoma yalikuwemo ya Kiswahili yaliyoletwa kutoka pwani. Kwa Wagĩkũyũ waliitwa athomi, kwa maana ileile. Jirani alipotaka kusema kwamba fulani amekuwa Mkristo, alisema kwamba anasoma.

Na waliosoma hawakubaki kuwa wapokeaji tu. Mara watu walipopata maandiko katika lugha zao, walianza kuyalinganisha na maneno ya walimu wao. Katika mgogoro wa mwaka 1929 kuhusu tohara ya wasichana huko Gĩkũyũni, wengi waliojitenga na misheni walianzisha makanisa na shule zao huru. Hawakuiacha Biblia, waliondoka nayo. Mtu anaweza kuwa na maoni tofauti kabisa na yao kuhusu tohara, na kuna sababu nzuri za kuwa na maoni hayo. Lakini haiwezekani kukana kwamba wasomaji hao walifanya kile ambacho kusoma humfanyia mtu: walitaka kuona wenyewe palipoandikwa.

Jina hilo la msomaji limepotea, na pengine kupotea kwake kumeleta hasara kuliko inavyodhaniwa. Katika mikutano mingi ya maombi chuoni, mwanafunzi ambaye asubuhi alimdai mhadhiri wake ushahidi wa kila hoja hukaa kimya jioni mbele ya mgeni asiyejulikana alikosomea, asiyetaja kitabu, wala kueleza amejuaje anayoyasema. Mwanafunzi huyohuyo, akiulizwa, atasema kwamba maswali ni ya darasani. Kwa upande mwingine yuko mwenzake asiyekanyaga kanisani, anayedai kwamba yeye haamini chochote ila sayansi, ilhali hajawahi kurudia jaribio lolote la kitabu anachokinukuu wala hajui majina ya walioyafanya. Wote wawili wana imani. Wote wawili wamekataa kuihoji.

Vyama vya wanafunzi Wakristo vina uwezo wa kubadili jambo moja bila kungoja tume wala sheria mpya ya kudhibiti makanisa. Baada ya kila mahubiri ya mgeni, itengwe nusu saa ya maswali, mgeni akiwa amearifiwa mapema. Aulizwe aya aliyoitegemea inasema nini kabla na baada ya pale alipoinukuu. Akisimulia uponyaji, aulizwe ni nani aliyempima aliyepona na lini. Akitaja unabii, aulizwe ule wa mwaka jana ulikuwaje. Na idara za Kiswahili, ambazo wanafunzi wake huchambua matini kila siku, ziwaalike wenzao wa theolojia wakae pamoja na tafsiri za Biblia, wazitazame imani, maarifa, hekima na yakini jinsi zilivyotumika, mstari kwa mstari.